Laki sita ya mtandao wa nyumbani kwa ajili ya muziki: swichi ya bei, mesh, waya wa LAN au faiba?

Mpiga_Kinanda, Tabata

Wakuu, habari za jioni. Nina laki sita nimeitenga kwa ajili ya muziki wa sebuleni, sasa nimefika njia panda na kila ninayemuuliza ananivutia kwake.

Hali yenyewe ni hii. Nakaa ghorofa ya tatu. Faiba inaingia mlangoni, kisanduku ni Huawei HG8546M, mafundi walikipachika juu ya fremu ya mlango na hapo ndipo kilipo mpaka leo. Sebule iko upande wa pili wa nyumba, katikati kuna jiko na kuta mbili za tofali. Kifurushi ni Mbps 20. Amplifaya ni Yamaha ya zamani ya stereo, spika ni zile ndogo za kuweka juu ya stendi, na muziki nautoa kwenye simu ya Android kwa Bluetooth kwenda kwenye kipokezi kidogo nilichochomeka nyuma ya amplifaya. Nalipia Spotify Premium.

Malalamiko ni mawili. Jioni watu wakisharudi makwao muziki unakatakata. La pili, hata usipokatika, kuna siku nausikia mwembamba, matoazi yanachakacha, na kuna siku wimbo uleule unatoka umeshiba. Spika ni zilezile, kiti ni kilekile.

Jamaa mmoja ananiuzia swichi ya LAN (kisanduku cha kugawa mtandao wa waya) iliyotengenezwa mahsusi kwa wapenzi wa muziki, imetumika kidogo, pamoja na waya wa mtandao wa daraja la Cat 8, laki sita kamili. Shemeji yangu anasema nichukue mesh ya vipande vitatu, yaani visanduku vinavyopokezana Wi-Fi nyumba nzima. Kazini wananiambia vuta waya mpaka sebuleni uweke strima, kile kifaa kinachochota muziki chenyewe kutoka intaneti. Na YouTube imenijazia video za watu wanaopitisha intaneti kwenye vigeuzi vya faiba ili "kusafisha" sauti. Ninachotaka ni sauti, habari ya kushusha mafaili haraka hainihusu. Mngekuwa nyinyi hiyo hela mngeiweka wapi? Nawasilisha.

Sikio_la_Tano, Nairobi

Swichi, ndugu yangu, na usimwache huyo jamaa akaondoka nayo. Najua humu kuna mainjinia watakaonirukia kabla sijamaliza kuandika, lakini mimi nina swichi ya aina hiyo kati ya ruta na strima, na adapta yake ya stima nimeitoa nikaweka ya linia, ile yenye transfoma nzito. Kimya kilichoko nyuma ya mwimbaji kimekuwa kimya kweli. Unasikia gitaa la solo limekaa wapi na ridhimu iko wapi. Mke wangu, ambaye hana habari na mambo ya swichi, aliingia akaniuliza kama nimenunua spika mpya.

Mesh achana nayo. Wi-Fi na muziki wa maana haviketi pamoja.

Babu_Kaseti, Tanga

Kila mwenye swichi ya laki sita ana mke aliyeuliza habari za spika mpya. Wanawake hawa sijui wanapatikana wapi, wangu anauliza bei tu.

Fundi_Waya, Kimara

Shikamoo Babu. Umeniwahi.

Mkuu Mpiga_Kinanda, kabla hujatoa hata mia, fanya jambo moja la bure. Fungua Spotify, ingia kwenye mipangilio, tafuta ubora wa sauti upande wa Wi-Fi. Nina hakika utakuta otomatiki. Ikiwa hapo, programu inautazama mtandao wako na kuamua yenyewe ikupe nini: ngazi ya chini ni kbps (kilobiti kwa sekunde) 24, kisha 96, 160, na ya juu 320. Asubuhi mtandao mweupe unapewa 320. Saa mbili usiku majirani wote wako hewani, inakuteremsha bila kukuaga. Ndiyo maana wimbo uleule leo umeshiba na kesho umekonda. Hukuota. Hapo ndipo mtandao unapogusa sauti kwelikweli, na ni njia ambayo wauza swichi hawaitaji kwa sababu dawa yake haiuzwi. Weka ya juu kabisa uiache hapo. Huenda mwanzoni kukatika kukazidi, usishtuke, angalau ugonjwa utakuwa umejionyesha.

Pili, kukatika kwenyewe. HG8546M inarusha Wi-Fi ya 2.4 GHz tu, 5 GHz haina. Simu yako inapokea muziki kwa 2.4 GHz na sekunde hiyohiyo inaurusha kwa Bluetooth, nayo iko kwenye 2.4 GHz. Katikati umeweka jiko, na kama lina maikrowevu basi hiyo nayo inavuja humohumo. Bendi hiyo ina chaneli tatu tu zisizopandiana, 1, 6 na 11, na kwenye ghorofa lenye familia kumi na kitu mnagombania hizohizo. Pakua programu yoyote ya kupima Wi-Fi, simama karibu na spika, soma nguvu ya mawimbi. Ukiona -60 dBm huna shida. Ukiona -75 au -80, hapo hata ukiweka swichi ya dhahabu juu ya mlango haitakusaidia, tatizo liko hewani.

Tatu, Bluetooth yenyewe. Spotify wameshaubana wimbo mara moja. Simu inaufungua, halafu inaubana upya ili upite kwenye Bluetooth, na vile vipokezi vya bei nafuu vingi vinatumia SBC, njia ya kawaida ya kubana sauti ya Bluetooth, inayoishia kbps 328 hivi. Yule mchakacho wa matoazi mimi ningeanza kumtafuta hapo.

Sasa swichi. Wimbo unasafiri kwa vipande vya data, na kila kipande kina hesabu ya ukaguzi. Kikifika kimeharibika kinatupwa, kisipofika kinaombwa tena. Strima inavikusanya kwenye bafa, yaani kumbukumbu yake ya muda, inavipanga, ndipo inavikabidhi kwa DAC, kigeuzi cha dijitali kuwa sauti, na DAC inavicheza kwa saa yake yenyewe iliyomo ndani. Mwendo wa vipande njiani haujulikani tena hapo. Ukitaka ushahidi wa macho, cheza wimbo kwenye strima, subiri kidogo, kisha chomoa waya wa LAN. Wimbo unaendelea. Unachokisikia muda huo kinatoka kwenye kumbukumbu ya strima, swichi iko mezani haina kazi yoyote. Kama besi ililetwa na swichi, ingeondoka na waya.

Jibu langu kwa hela yako: waya wa LAN pamoja na strima. Mesh kama waya haiwezekani. Faiba kwa sababu maalumu tu. Swichi ya laki sita, hapana.

Kadogo255, Morogoro

Nadandia uzi kidogo wakuu. Mimi niko hosteli, sina faiba wala ruta, ni bando la simu na spika moja. Hizo ngazi za juu zinakula kiasi gani? Na hii ya kusema Spotify sasa wana "lossless", muziki usiopunguzwa chochote, inanihusu?

Fundi_Waya, Kimara

Kadogo, hesabu ni nyepesi. Kbps 320 ni MB 144 kwa saa. Ubora wa CD, biti 16 na kHz 44.1, kabla ya kubanwa ni kbps 1,411. Ukipakiwa kwa FLAC, ubanaji usiopoteza kitu, unashuka mpaka nusu au theluthi mbili hivi, kwa hiyo saa moja ni MB 300 hadi 450. Ile ya biti 24 na kHz 192 ndiyo balaa, inapita GB 2 kwa saa kirahisi.

Spotify walianza kutoa lossless Septemba 2025 kwa wateja wa Premium, nchi baada ya nchi, mpaka biti 24 na kHz 44.1. Apple Music wanayo tangu Juni 2021 bila nyongeza ya bei. Lakini kwa spika moja ya Bluetooth utachoma bando bure, maana Bluetooth itaubana tena. Pakua kwa 320 usiku kwenye bando la usiku, mchana sikiliza bila intaneti. Hiyo ndiyo mtandao bora kuliko wote humu: wimbo ambao umeshafika.

Mama_Taarabu, Mji Mkongwe

Assalaam alaykum nyote. Fundi kasema kweli ila kaipita mesh mbiombio, na wengine hatuna pa kukimbilia. Nyumba yetu ni ya zamani, kuta za mawe na chokaa, unene wake mtu akikaa dirishani miguu yote inaingia ndani ya ukuta. 5 GHz ikitoka chumba cha ruta haifiki ukumbini. Kutoboa ndo usiseme, kwanza hii nyumba ni ya familia nzima, kila ukuta una wenyewe, pili Mji Mkongwe una mamlaka yake na huwezi kuamka tu ukatoboa upendavyo.

Mie nilianza na adapta za kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme. Mchana zilikuwa zafaa. Mtu akiwasha feni au mashine ya kusaga, basi. Nyaya za nyumba kongwe zimeungwaungwa, na zile adapta zenyewe zinatia kelele kwenye umeme uleule unaolisha amplifaya. Siwezi kumshauri mtu wa muziki.

Mesh ilikuja kufaa nilipoacha kuiweka vyumbani. Vipande nimeviweka barazani, kwenye uwazi wa ua wa ndani, vikaonana bila ukuta katikati. Hilo ndo la kujua: vipande vikizungumza wenyewe kwa wenyewe kwa hewa kupitia ukuta mnene, kila kipande unachoongeza kinapunguza. Watu wananunua vitatu, wanaweka kimoja kila chumba na mlango umefungwa, halafu wanalalamika. Kwa Mpiga_Kinanda na kuta mbili za tofali, viwili vingetosha, tena kimoja akikiunga kwa waya ndo bora.

Na strima yangu nimeichomeka kwenye tundu la LAN la kile kipande cha ukumbini. Muziki haukatiki, na taarabu unajua, wimbo mmoja una dakika kumi na tano, ukikatika kwenye kiitikio unaharibu shughuli nzima.

Sikio_la_Tano, Nairobi

Fundi, hoja ya biti naijua na sijaikataa. Biti zinafika sawa, hakuna anayebisha. Mimi nazungumzia kelele ya umeme. Waya wa LAN ni shaba. Ruta ya kampuni ina adapta ya bei ya chini inayopiga kelele za masafa ya juu, hizo kelele zinapanda waya, zinaingia kwenye strima, zinagusa DAC na saa yake. Transfoma ndogo zilizoko kwenye matundu ya LAN zinazuia umeme wa moja kwa moja, lakini masafa ya juu yanavuja. Swichi nzuri inakata kelele hizo. Ndiyo kazi yake, haihusiani na biti.

Na kuchomoa waya si jaribio, maana ukichomoa waya umeondoa hata hiyo kelele.

Fundi_Waya, Kimara

Hapo tunazungumza lugha moja, na hiyo hoja ya mwisho ni nzuri. Kelele ya umeme ipo. Tofauti yetu ni moja: mimi nasema kelele inayofika kwenye spika inasikika hata muziki ukiwa umesimama, kwa hiyo tuitafute pale.

Simamisha wimbo. Pandisha sauti mpaka pale unaposikilizia ukiwa na furaha, halafu zaidi kidogo. Weka sikio karibu na twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Mwenzako achomoe waya wa LAN na kuurudisha bila kukuambia. Kama kuna mvumo au mlio unaokuja na kuondoka, umepata mgonjwa na una haki ya kununua dawa. Kama kuna ule mchuruzo mwembamba wa amplifaya usiobadilika, swichi haina cha kukata.

Mvumo nilioukuta mara nyingi majumbani kwetu hauanzii kwenye ruta. Unaanzia kwenye ethi, ule waya wa kwenda ardhini. Nyumba nyingi tundu lina miguu mitatu lakini ule wa tatu haujaenda popote, au nondo ya shaba ilipigwa mchangani ikakauka. Ukipitisha nyuma ya vidole juu ya bati la amplifaya unasikia kama inatetemeka, inawasha kidogo. Huo ni umeme mdogo unaovuja kutoka kwenye vichujio vya adapta, hauna pa kwenda, unakaa kwenye mabati ya vifaa. Sasa wewe ukaja na waya wa Cat 8. Cat 8 lazima iwe na ngozi ya chuma kuuzunguka, na vichwa vyake ni vya bati. Umeunganisha bati la swichi na bati la strima. Waya wa kawaida usio na ngozi ulikuwa umetenganisha vifaa hivyo viwili kwa zile transfoma, wewe umelipa hela nyingi kuviunganisha upya. Hapo ndipo mvumo wa Hz 50 unapozaliwa, na watu wanakwenda kununua kifaa kingine cha kuutoa.

Na Cat 8 imetengenezwa kwa vituo vya data, umbali usiozidi mita 30, kasi ya Gbps 25 na 40. Wimbo wako wa CD hauifikii hata Mbps 1.5. Cat 5e inabeba Gbps 1 kwa mita 100.

Kuhusu masikio dhidi ya vipimo: mwaka 2015 tovuti ya Ars Technica walichukua waya wa LAN wa AudioQuest wa dola 340, wakaupeleka Las Vegas, watu wakasikiliza bila kujua ni waya upi umechomekwa. Hawakuweza kuutofautisha na wa kawaida. Na ile swichi ya UpTone, EtherREGEN, ya dola 640, tovuti ya vipimo ya Audio Science Review waliipima kwenye matundu ya analogi ya DAC, hawakuona badiliko.

Sikio_la_Tano, Nairobi

Las Vegas ni ukumbi wa mkutano, mfumo wa wenyewe, nyimbo za kuchaguliwa na wenyewe. Mimi nakaa na mfumo wangu miaka, najua sauti yake. Hilo jaribio la kusikiliza muziki ukiwa umesimama nitalifanya, lakini swichi haiuzwi.

Babu_Kaseti, Tanga

Haiuzwi kwa laki sita au haiuzwi kabisa?

Ziwani, Mwanza

Wakuu, faiba naona mmeiacha mlangoni, na mimi ndiyo mtu wake. Huku kwetu intaneti kwa wengi inakuja na sahani ya juu ya paa, waya wa LAN unashuka ukutani mpaka kwenye ruta, na waya huohuo ndio unaobeba umeme wa kulisha ile sahani. Radi za ziwani mnazisikia kwenye habari, sisi tunazisikia kwenye bati. Si lazima ipige nyumba yako. Ikipiga mnazi wa jirani, msukumo unaingia kwenye ule waya mrefu na unashuka. Mwaka juzi ulishuka, ukapita ruta, ukapita swichi, ukafika kwenye strima, ukatokea kwenye tundu la nyuma la amplifaya. Vyote vilikufa usiku mmoja. TV ilipona kwa sababu ilikuwa inatumia Wi-Fi.

Sasa nina vigeuzi viwili vya TP-Link MC200CM. Ruta inaingia kwenye cha kwanza, cha kwanza kinatoa mwanga kwenye uzi wa faiba, uzi unakwenda cha pili karibu na mfumo wa muziki, cha pili kinarudisha waya wa LAN wa nusu mita hadi strima. Katikati hakuna shaba, ni kioo tu. Radi haina pa kupita, na ule mvumo anaousema Fundi hauna pa kupita vilevile. Kila kigeuzi kina adapta yake, kwa hiyo ukichomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja umefunga dirisha ukaacha mlango wazi. Mawingu yakijikusanya mimi nachomoa umeme wa upande wa muziki, faiba haimzuii radi anayeingia na nguzo ya umeme.

Je, sauti ilibadilika? Sikusikia tofauti yoyote. Nilinunua kinga na kinga ndiyo niliyopata. Kwa mkuu wa Tabata, ambaye faiba yake inaingia mpaka mlangoni na hana sahani juu, sioni sababu.

Mpiga_Kinanda, Tabata

Nimeshukuru sana wakuu, dada Mama_Taarabu na Babu. Nimefanya ya bure. Ilikuwa otomatiki kweli. Nimeweka ya juu, na sasa siku zote unatoka umeshiba, kukatika ndiyo kumezidi kama Fundi alivyosema. Karibu na spika nasoma -78 dBm. Maikrowevu ikiwashwa muziki unasimama kabisa, hilo nilikuwa naliona siku zote sikuliunganisha.

Swichi nimemwambia jamaa ampe mwingine. Nabaki na maswali. Mosi, strima gani, maana amplifaya yangu ina matundu mekundu na meupe tu, haina la dijitali. Pili, mwenye nyumba hataki kusikia neno kutoboa. Tatu, dukani Kariakoo nimeona boksi za waya wa Cat 6 bei zimepishana karibu mara mbili na zote zinaonekana sawa. Nichukue ya bei ndogo?

Mama_Taarabu, Mji Mkongwe

Strima mie natumia WiiM Pro. Ina tundu la LAN, ina matundu mekundu na meupe, na Spotify Connect inachota wimbo yenyewe kutoka intaneti, simu inabaki kuwa rimoti tu. Simu ikipigiwa muziki hausimami. WiiM Mini ni nafuu zaidi ila haina LAN, kwa kwako utarudi palepale kwenye hewa. Bei ya Marekani ya Pro ilitoka dola 149, ya kufika hapa ongeza usafiri na ushuru na faida ya muuzaji, usimwonee aibu kumpunguza.

Fundi_Waya, Kimara

Naunga mkono. Mwenye kupenda kuchezea anaweza kuchukua kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 na kadi ya DAC ya HiFiBerry juu yake, akaweka programu ya muziki ya moOde au Volumio, sauti ni nzuri na akili inafunguka, lakini umeme ukikatika vibaya kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika, na umeme wetu mnaujua. Ukinunua Pro, kisanduku cha faiba kichomeke kwenye UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12, zile za ruta. Kabla hujanunua soma lebo ya adapta, volti na ampea zifanane.

Kutoboa huhitaji. Nunua tranki, ile mifereji ya plastiki yenye mfuniko, yenye gundi nyuma. Panda na fremu ya mlango, pita juu kwenye kona ya ukuta na dari, ingia jikoni kwa juu ya mlango, ushukie sebuleni nyuma ya kabati. Milango ya ndani ina nafasi ya kutosha waya mmoja upite kwa juu bila kubanwa, ila pima kwanza. Usiupitishe sambamba na waya wa jokofu kwa urefu mrefu, ukilazimika kukatiza, katiza msalaba. Ukipaka rangi tranki mwenye nyumba hataiona.

Bei ndogo usichukue. Zile boksi mbili hazifanani ndani. Omba kipande, menya, chukua uzi mmoja ukwangue na wembe. Shaba ni nyekundu mpaka katikati. Ikitokea rangi ya fedha, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, wengine wanaandika CCA kwenye ngozi ya waya kwa herufi ndogo, wengine hawaandiki. Inua boksi vilevile, ya alumini ni nyepesi. Ukiukunja kwenye kona mara mbili tatu unakatikia ndani, nje huoni kitu, na wewe una kona nne. Halafu hicho kiwango cha Cat 6 kilichoandikwa juu yake ni maneno tu, viwango havikubali alumini.

Mita 20 zinakutosha na kubaki. Duka likikatalia kuuza chini ya boksi, tafuta waya ulioshafungwa vichwa kiwandani, usio na ngozi ya chuma.

Kadogo255, Morogoro

Na kufunga vichwa mwenyewe ni kazi? Hosteli nataka kuvuta kutoka kwa jirani, kwa ruhusa yake.

Fundi_Waya, Kimara

Kazi si kubwa, ila kuna kosa moja nalikuta kila mtaa. Mtu anapanga rangi kwa jozi, kwa sababu ndivyo zilivyosokotwa: chungwa nyeupe, chungwa, kijani nyeupe, kijani, bluu nyeupe, bluu, kahawia nyeupe, kahawia. Inapendeza machoni. Pande zote mbili akizifunga hivyo, kile kipimo cha taa nane kinawaka moja hadi nane bila kuruka, anaondoka na hela yake. Waya unafanya kazi nusunusu, unaunganika unaachia, na lawama inaangukia kampuni ya intaneti.

Mpangilio ni chungwa nyeupe, chungwa, kijani nyeupe, bluu, bluu nyeupe, kijani, kahawia nyeupe, kahawia. Ule wa tatu na wa sita lazima wawe jozi moja iliyosokotwa, ndiyo maana bluu zinaingia katikati yao. Taa nane haziwezi kukuonyesha hilo kwa sababu zinapima kama uzi umefika, hazipimi umesokotwa na nani. Na ukishamenya, usifungue msokoto zaidi ya upana wa kidole.

Babu_Kaseti, Tanga

Mpiga_Kinanda, ukishavuta waya chenji itabaki. Usimpelekee mtu wa swichi. Hizo spika toa kwenye kona, zilete mbele, mbali na ukuta kiasi cha mkono mmoja hivi, zikutazame. Kapeti chini. Halafu uje utuambie besi imekaaje.

Mpiga_Kinanda, Tabata

Sawa Babu, nashukuru. Ziko kwenye kona kweli, umejuaje?

Babu_Kaseti, Tanga

Zote huwa kwenye kona.